Jiko la Jumatano: shajara ya mpishi wa kujitolea

Wiki ya 1

Tuliandaa sahani 80 kwa watu wanaolala nje, wakaja watu 43. Nilipika kana kwamba kuna harusi: nyama ya kuoka vipande vikubwa, wali, saladi ya karoti mbichi na tufaha. Nina miaka 19 jikoni, mingi ya hiyo hotelini, na nimezoea kusoma sahani zinaporudi. Mgeni anaweza kukusifia kwa adabu tu. Sahani haina adabu. Hizi zilirudi wali umeliwa wote, mchuzi umefutwa, karoti zipo, tufaha zipo, na pembeni kuna vipande vya nyama vilivyotafunwa hadi vikamshinda mwenyewe, vimefunikwa kwa tishu ili nisivione.

Nilianza kuilaumu chumvi. Mzee mmoja mwenye koti la mvua ndiye aliyenitoa ujinga. Alirudisha sahani kwa mikono miwili, akaniambia, "Mpishi, chakula chako kitamu. Ila wapangaji wa humu ndani," akagusa shavu, "walishahama wote."

Fomu yetu ya maandalizi ilikuwa na nafasi ya mizio, nafasi ya miiko ya dini, nafasi ya idadi. Ya meno haikuwepo. Niliijaza mwenyewe na sikuona pengo lolote.

Wiki ya 2

Dengu nyekundu. Gramu 80 kavu kwa kila mtu, maana yake kilo 6 na gramu 400 kwa watu 80, katika sufuria ya lita 50 tuliyoazimwa pamoja na jiko la ukumbi. Viazi vya kuponda, mayai ya kuvuruga, mkate laini.

Kipimo changu kipya: chochote kinachotoka jikoni kiweze kupondwa kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Kisipopondeka, kirudi motoni. Lakini laini si lazima kiwe uji wa mtoto, na hapa ndipo nilipotumia saa nzima peke yangu na vitunguu. Kilo 4 za vitunguu, moto mdogo, dakika 50, mpaka vikawa na rangi ya ngozi ya kiatu cha zamani. Bizari nilizikaanga zikiwa nzima ndipo nikazisaga. Ndimu niliikamua mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, maana ukiichemsha inabaki uchungu na harufu inakwenda na mvuke. Mtu asiye na meno bado ana pua na ulimi, na kwa kuwa hasikii tena kitu kikivunjika mdomoni, ladha ndiyo iliyobaki kumfurahisha.

Pilipili nimeitoa sufuriani na kuiweka bakuli la pembeni, kwa sababu wengine wana vidonda mdomoni. Jambo dogo, lakini foleni ilibadilika ghafla. Watu walisimama pale kwenye bakuli wakajadiliana. Wengine hawajaulizwa wanataka nini siku nyingi.

Mzee wa koti la mvua alikula mara mbili. Akasema chumvi imepungua kidogo. Alikuwa sahihi.

Wiki ya 3

Nimemwaga lita 20 za supu. Naandika kwa ukubwa wake ili nisisahau.

Ilibaki Jumatano usiku, nzuri, ya kuku na mboga. Nikaona dhambi kuitupa. Nikaifunika, nikaiingiza chumba cha baridi saa 4 usiku na sufuria yake, nikaenda kulala nikijisifu. Saa 1 asubuhi nilifungua, nikazamisha kipimajoto katikati: nyuzi 34. Pembeni ilikuwa baridi, juu ilikuwa baridi, moyo wake ulikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Hili nalijua. Nimewafundisha vijana hotelini hili hili. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana kwa raha, na sufuria kubwa iliyofunikwa ni nyumba yao nzuri. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2 za kwanza, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kukichemsha upya hakuokoi kila kitu. Wapo bakteria, mfano Bacillus cereus anayependa wali, ambao mbegu zao zinavumilia kuchemka, na sumu wanayoiacha haivunjwi na moto wa jikoni. Hotelini tuna mashine ya kupoza, ndiyo maana mkono wangu ulisahau. Mashine ilikuwa inakumbuka kwa niaba yangu.

Mmoja wa wenzetu wa kujitolea alisema, "Hawa wameshazoea, matumbo yao ni magumu." Nilimjibu vibaya, baadaye nikamwomba radhi kwa sauti niliyotumia, si kwa nilichosema. Mwenye nyumba akiharisha usiku, anatembea hatua kumi hadi chooni, anabadilisha shuka, anakunywa maji. Anayelala nje hana choo, hana nguo ya pili, blanketi ndilo hilo moja, na asubuhi atafukuzwa kwa kunuka. Kwa hiyo jiko hili linatakiwa liwe kali kuliko la hoteli.

Kuanzia sasa: masalio yote kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, trei juu ya barafu, bila mfuniko mpaka ipoe. Kupasha upya hadi 74, kipimajoto katikati, mtu aandike namba na saini yake.

Wiki ya 4

Gesi iliisha katikati ya mapishi. Mtungi wa akiba ulikuwa mtupu pia. Aliyetuletea alikuwa ametuuzia hewa. Tulichelewa dakika 50.

Ningeandika hayo tu nikaenda zangu, kama si kaka mmoja aliyekuwa foleni akaanza kutetemeka na kutokwa jasho usiku wa baridi. Nilidhani ni mambo ya pombe. Nesi wetu (anakuja kila Jumatano na begi lake) alimtazama mara moja akadai sukari. Ana kisukari. Alikuwa amejichoma insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, kwa kuhesabu kwamba chakula kipo saa ile ile tuliyotangaza. Sindano iliwahi, sisi hatukuwahi. Alikunywa glasi ya maji yenye sukari nyingi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na baada ya dakika kumi na tano alikuwa anacheka na kunitania.

Mimi sikucheka. Nimenunua mtungi wa pili kwa mfuko wangu na ninaupima uzito kabla ya kuusaini. Pia: mkate na maziwa vitolewe saa iliyotangazwa, hata kama sufuria bado.

Wiki ya 5

Watu 71.

Nimegundua wanabeba. Si uchoyo, ni hesabu. Leo kuna chakula, kesho hakijulikani, basi nusu inaingia kwenye mfuko wa plastiki, inalala ndani ya begi, inaliwa kesho mchana. Wali huo, baada ya saa 16 ndani ya begi, ndio ule niliouandika wiki ya 3.

Sikutaka kukataza. Ukikataza watabeba kwa kujificha. Tumegawa mambo mawili: cha moto kinaliwa hapa, unaongezewa ukitaka, na ukiondoka unapewa mfuko wa safari wenye vitu visivyoharibika: mkate, ndizi mbili, maziwa ya boksi dogo yasiyohitaji friji, siagi ya karanga kwenye kopo dogo (kwa kuuliza kwanza, karanga zinaua wenye mzio).

Mara ya kwanza niliweka na makopo ya maharage. Dada mmoja aliligeuza kopo lake juu, chini, akanitazama. "Kaka, na cha kufungulia umeleta?" Sikuwa nimeleta. Na kama ningeleta, kisu cha kopo mfukoni mwa mtu anayepekuliwa na walinzi kila wiki ni balaa jingine. Sasa makopo yote ni ya kuvuta pete kwa kidole.

Wiki ya 6

Kwa wiki nne nimekuwa nikimwona mama mmoja anapokea chakula kikavu tu. Supu hataki, chai hataki. Nikadhani ni mapishi yangu. Mpishi ana tabia ya kudhani kila kitu kinamhusu.

Alimwambia nesi, si mimi. Vyoo vya umma hufungwa jioni. Mwanamke anayelala nje, kujitafutia pembe gizani ni kujiweka hatarini, kwa hiyo tangu mchana hanywi kitu. Tulikuwa tunagawa supu saa 2 usiku na kujipongeza kwa kuwapasha watu moto, huku yeye anahesabu saa mpaka kupambazuke.

Mabadiliko: tunagawa saa 11:30 jioni. Mlinzi wa ukumbi amekubali choo kibaki wazi hadi saa 4 usiku, na tumeweka sabuni, pedi na taa. Hilo la choo lilichukua mikutano mitatu na barua mbili. Kutafuta wafadhili wa nyama kulichukua simu moja.

Jumatano hii mama alikunywa vikombe viwili vya chai. Alivinywa taratibu, amesimama karibu na mlango wa choo.

Wiki ya 7

Kijana mgeni, mashavu yameingia ndani, koti linamvuka mabega. Alisema hajala kitu tangu Ijumaa, na kabla ya hapo alikuwa anaokoteza. Nilichota upawa uliojaa, nikaongeza wa pili. Nesi aliushika mkono wangu hewani.

Alinieleza baadaye, tukiosha sufuria. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi unajipanga upya ili uishi kwa kidogo. Ukiujaza wanga kwa ghafla, insulini inapanda na kuvuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuziingiza ndani ya seli. Damu inabaki na upungufu wa madini hayo, na moyo unaweza kwenda kombo. Mwaka 1945 wapo waliotolewa hai kwenye kambi za Wanazi, wakafa baada ya kulishwa sana na watu wenye huruma. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila chakula cha maana anatakiwa aonwe na daktari, aanze kidogo kidogo, na mara nyingi apewe vitamini B1 kwanza, hasa kama anakunywa pombe.

Kijana alipewa maziwa kikombe kimoja na nusu kipande cha mkate, nesi akaondoka naye kwenda hospitali. Kabla hajapanda gari alinitazama kama mtu aliyenyimwa. Sahani yake nilikuwa bado nimeishika. Miaka 19 nimefundishwa kwamba kumjazia mtu sahani ndiyo heshima, na hilo sikujua nilifungue wapi.

Wiki ya 8

Mfadhili mmoja, kampuni, alikubali kulipia mafuta, mchele na dengu za miezi mitatu. Sharti: mpiga picha aje, watu waonekane wakila, mimi nikiwa na kofia ndefu nyeupe.

Ilinikumbusha Alexis Soyer. Alikuwa mpishi maarufu, Mfaransa, mkuu wa jiko la Reform Club, klabu ya wanasiasa kule London, na 1847, Ireland ikiwa katika njaa kubwa, alikwenda Dublin kusimamisha jiko la kulisha maelfu. Kwa ufundi, ninamvulia kofia: alipanga sufuria moja kubwa mno katikati, meza ndefu pembeni, watu 100 wanaingia kwa kengele, wanakula, wanatoka kwa mlango mwingine, wengine 100 wanaingia. Foleni yangu ya sasa imeiba mlango ule wa pili. Lakini vijiko vilifungwa kwa minyororo kwenye bakuli. Madaktari wa wakati ule walilalamika kwamba supu ilikuwa nyepesi mno kumshibisha mtu. Na siku ya ufunguzi wenye nafasi zao walilipa shilingi 5 za Kiingereza kila mmoja waingie wawatazame maskini wakila.

Mfadhili nilimjibu kwamba aje apige picha ya sufuria, ya vitunguu, ya mikono yangu akipenda. Sura za wageni, hapana. Mwenzetu wa fedha alikasirika, na ana haki. Dengu hazinunuliwi kwa msimamo. Wakatupatia nusu. Nusu nyingine bado tunaitafuta.

Wiki hii hii tumeanza kuhudumia mezani. Mpishi wa Italia Massimo Bottura alipofungua ukumbi wake wa kulisha maskini Milan mwaka 2015, akipika masalio ya maonyesho ya Expo, alisisitiza watu wakae na waletewe. Nilikuwa naona ni mbwembwe za mpishi mwenye nyota. Sasa nimebadilika. Foleni inamfanya mtu atazame mgongo wa mwenzake. Wakikaa mezani, saa nzima wanabishana kuhusu mpira. Hasara: tunahitaji watu sita zaidi wa kubeba sahani, na tunao wawili.

Wiki ya 9

Kaka mwenye kisukari alikuja mapema akaomba kazi yoyote. Nikampa vitunguu. Alishika kisu, akakunja vidole vya mkono wa kushoto ndani, kifundo kikiongoza ubavu wa kisu, na nikajua kabla hajakata cha pili. "Ulipika wapi?" Akacheka. Miaka saba, jiko la meli. Vitunguu kilo 4 vilikwisha nikiwa bado natafuta ubao.

Kazi angeipata kesho kama ana kitambulisho. Kitambulisho kilipotea pamoja na begi alipokuwa amelala. Ofisi ya kutoa kipya inataka barua ya makazi. Ofisi ya barua ya makazi inataka kitambulisho. Nimekwenda naye mara mbili, nimekaa kwenye benchi lile, nimeambiwa "njoo kesho" na watu wawili tofauti waliokuwa chumba kimoja. Mtu wa ustawi wa jamii anayetusaidia anasema kuna njia ya kiapo mbele ya mwanasheria. Tunaifuata hiyo.

Huyo wa ustawi wa jamii ndiye aliyeniambia jambo ambalo limenikaa. Supu, alisema, haijawahi kumtoa mtu barabarani. Alinieleza utaratibu ulioanzia New York 1992 kwa mwanasaikolojia Sam Tsemberis, na Finland ikaufanya sera ya nchi kuanzia 2008: mtu apewe nyumba kwanza, bila kumwekea sharti aache pombe au apone kwanza, halafu misaada mingine imfuate humo humo. Nilijitetea kidogo. Kisha nikamwuliza yeye anawapata wapi watu wa kuwaandikisha kwenye orodha ya vyumba. Akanyamaza. "Hapa kwako," akasema, "Jumatano."

Basi tumempa meza. Iko karibu na chai, maana kwenye chai watu hawana haraka.

Wiki ya 10

Hali ilivyo. Watu 88 kwa wastani wa wiki tatu za mwisho. Trei za kupozea 12, kipimajoto 2, kimoja kibovu. Wahudumu wa mezani 4. Walioandikishwa kwenye orodha ya vyumba 9, waliopata 1. Kijana wa wiki ya 7 ametoka hospitali, amekuja, anakula kidogo na hanisalimii. Kitambulisho cha kaka bado. Ametia sahihi kwenye karatasi ya joto la chakula wiki mbili mfululizo, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Aliyepata chumba ni mzee wa koti la mvua. Kitanda, dirisha, jiko la plagi moja. Sufuria moja amepewa na jirani. Alikuja tukiwa tunakunja meza, hakutaka sahani.

"Mpishi, zile dengu. Nipe namna yake."

Nikaanza: kilo 6 na gramu 400... nikasimama. Sijawahi kupikia mtu mmoja tangu nianze kazi. Hata nyumbani kwangu ninapika sufuria ya watu kumi, tunakula mpaka tunachoka. Nikachana kipande cha boksi la mayai, nikapiga hesabu. Mizani hana, kwa hiyo nikahamisha kila kitu kwenye kikombe. Nusu kikombe cha dengu, kikombe kimoja na nusu cha maji, kitunguu kidogo, moto mdogo dakika 25. Chumvi mwishoni. Ndimu ukizima moto.

Alikisoma kile kiboksi akiwa amekisogeza mbali na macho. Akanirudishia.

"Hii ya mtu mmoja."

"Si uko peke yako, mzee?"

"Andika ya wawili. Mlango ninao sasa, mtu anaweza kubisha."

Nikakata, nikaandika upya chini yake: kikombe kimoja cha dengu, vikombe vitatu vya maji, kitunguu kikubwa. Ndimu ile ile moja inatosha.